Mapenzi ya tajiri na maskini wakati wa vita, yalidumu kweli?

Swali: Wakuu, Uingereza kwenye Vita Kuu ya Pili, binti wa kitajiri akimpenda mtoto wa mpishi wao, vita ndo ilivunja hayo matabaka au hadithi tu?

Jibu 1: Ilivunja kiasi mkuu. Disemba 1941 ilipita sheria ya kuwaita kazi za vita wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30, yani mtu kazoea kupikiwa na kufuliwa ghafla yuko kiwandani na watu ambao asingewahi hata kuwasalimia, hata binti mfalme Elizabeth mwenyewe, aliyekuja kuwa Malkia, 1945 alijifunza udereva na umakanika jeshini. Hapo mapenzi yatakosaje?

Jibu 2: Sawa, ila jeshini matabaka yalibaki, maofisa walikula kwao na askari wa kawaida kwao. Halafu wengi walioana fasta kabla jamaa hajaenda vitani, amani ikaja wakajikuta hawajuani, 1947 talaka England na Wales zilifika kama 60,000. Inaniuma sana kwa kweli.

Jibu 3: Hizo talaka zilikuwa za matabaka yote bana, msiwasingizie waliovuka mpaka wa tabaka. Mi nawaheshimu, walipendana wakijua nyumbani watatengwa.