Rezidenti wa upasuaji analipa ada, halafu anaifanyia hospitali kazi bure. Mpaka lini?

Wakuu, salaam. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, ila leo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni daktari, niko mwaka wa pili wa MMed ya upasuaji, yaani shahada ya ubingwa; tunaoisomea ndio tunaitwa marezidenti. Hospitali ninayosomea sitaitaja. Nilisoma udaktari miaka mitano, intaniship mwaka mmoja, kisha nikafanya kazi wilayani huku kanda ya ziwa ambako bingwa wa upasuaji hayupo kabisa. Nilipoomba ruhusa ya masomo, mwajiri alikataa, eti nikiondoka kituo kitabaki bila daktari. Ikabidi niache kazi. Mshahara ukaisha hapo.

Sasa sikilizeni ya wiki iliyopita. Niko zamu, analetwa mvuvi kutoka kisiwa cha Ukara, tumbo gumu kama ubao, siku ya nne ya maumivu. Kavuka kwa kivuko hadi Bugolora, gari hadi Nansio, kalala kusubiri meli, ndipo kafika Mwanza. Taifodi ilikuwa imetoboa utumbo. Tulimfungua saa nane usiku. Tundu lenyewe dogo, kalamu ingepita, karibu na pale utumbo mwembamba unapoungana na ule mpana, ila usaha ulikuwa umejaa tumbo zima. Nikakata kingo zilizooza, nikashona, nikaosha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, beseni baada ya beseni, mpaka yakatoka meupe. Bingwa alikuwa kwenye simu.

Saa mbili asubuhi niko raundi. Saa nne naitwa ofisi ya uhasibu, ayodini bado iko kwenye viganja, naambiwa nisipomalizia ada sifanyi mtihani.

Hiyo ada inatoka kwa mke wangu anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba. Yeye ndiye anayeilipa hospitali ili mimi niifanyie kazi usiku! Tukidai posho ya zamu tunaambiwa ninyi ni wanafunzi. Tukichelewa wodini tunaandikiwa barua kama watumishi. Huu ni unyonyaji, sina neno jingine.

Na mafunzo yenyewe? Logibuku yangu, daftari la kuthibitisha upasuaji niliofanya, ina kurasa 11 hazina saini, kwa sababu anayetakiwa kusaini hakuwepo thieta. Utumbo nimejifunza kuushona kwa kuelekezwa kwenye simu. Mgonjwa huyo ni baba wa watu.

Msiniambie haiwezekani kufanya tofauti. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kipo tangu 1999, makao yake Arusha hapo. Daktari anafunzwa hospitalini, miaka miwili ya kwanza kisha mitatu, na kwa kawaida anabaki mwajiriwa mwenye mshahara. Na Tume ya Lancet, ya lile jarida la tiba, ilishasema mwaka 2015: tunahitaji walau wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Tutawapata wapi ikiwa njia yenyewe ni ya mwenye mke muuza dagaa au baba tajiri? Na huo ni ubingwa tu, ubingwa bobezi, ngazi ya juu yake, hata siugusi.

Kama kuna rezidenti humu aliyefanikiwa kupata mkataba wa maandishi unaotaja posho ya zamu, naomba anieleze alianzia ofisi gani. Na saini za logibuku, mwenzangu, ulizipataje?