Skrini ya mtambo wa upepo hukosa taarifa kila alasiri

Fundi wa Moroto: Ndugu mafundi, ninahudumia mtambo mdogo wa upepo wa kilowati 3 hapa Moroto, ambao huchaji betri za volti 48 ukisaidiana na paneli za jua. Kidhibiti kiko chini ya mnara, nacho hupeleka kasi ya mapanga na volti za betri kwenye skrini ya ofisini, umbali wa mita 70, kwa njia ya RS-485 (mfumo wa kupeleka data kwa waya wa nyuzi mbili). Asubuhi taarifa hufika vizuri, lakini ikifika alasiri skrini hubaki na vistari vitupu hadi usiku. Nimebadilisha skrini bila mafanikio. Je, niagize kidhibiti kipya?

Mhandisi, Jinja: Usiagize kitu kwanza, kaka. RS-485 huweza kufika mita 1200, kwa hiyo umbali si tatizo. Je, saa hizo betri huwa zimejaa? Zikijaa, kidhibiti humwaga umeme wa ziada kwenye hita kwa kuwasha na kuzima kwa haraka mno, na hapo ndipo huzaliwa kelele ya umeme, yaani mitetemo ya volti inayovuruga data. Waya wa data umepita wapi?

Fundi wa Moroto: Betri hujaa mnamo saa nane. Waya wa data, ambao ni wa spika, umo katika bomba moja na nyaya za hita.

Mwalimu wa umeme, Mbale: Basi mchawi mmempata. RS-485 husoma tofauti ya volti kati ya nyuzi A na B, hivyo kelele inayozipata zote mbili kwa usawa hujifuta. Lakini nyuzi za spika hazikusokotwa, na kelele huzipata kwa viwango tofauti. Tumia waya uliosokotwa wenye wavu wa chuma wa kuzuia kelele, katika bomba lake peke yake, na wavu uungwe ardhini upande mmoja tu. Kila ncha ya waya iwe na rezista ya omu 120 kati ya A na B, ili mawimbi ya data yasirudi nyuma: zima umeme, pima kati ya A na B, nawe usome takriban omu 60, kwa kuwa rezista zote mbili ziko sambamba. Tahadhari, usiikate hita upepo ukivuma, kwani mapanga yakikosa mzigo yatazunguka kupita kiasi. Funga breki kwanza.

Fundi wa Moroto: Asante, mwalimu. Mita imesoma 118, na kweli rezista ya upande wa ofisi haikuwepo. Nimeiweka, na jana skrini ilipotea mara mbili tu. Leo tunachimba mtaro wa bomba la pili.