Keki ya sukari mbadala, mbona wanga bado uko juu?

NusuKikombe:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Lengo ni wanga usiozidi gramu 60 kwa siku. Keki ni hii: unga mweupe wa ngano gramu 250, eritritoli gramu 200 badala ya sukari, siagi gramu 150, mayai manne, vipande kumi. Sukari ya damu bado inapanda baada ya kipande kimoja, na keki ikishapoa ina chengachenga kama mchanga. Chokoleti iliyoandikwa "haina sukari" inahesabiwaje? Na ni kweli wali ukilala kwenye friji wanga wake unaisha?

Mizani:
Mkuu, umeshughulika na sukari ukauacha unga. Tupige hesabu. Gramu 100 za unga mweupe wa ngano zina kama gramu 73 za wanga ukishatoa nyuzinyuzi. Gramu 250 ni kama 183, kwa hiyo kila kipande kina 18. Sukari ingeongeza 20 juu yake. Umeshuka kutoka 38 hadi 18, ni hatua kubwa, ila vipande viwili tayari vimemaliza zaidi ya nusu ya siku yako. Ulimi hausikii utamu kwenye unga, lakini vimeng'enya vya utumboni vinaukatakata kuwa glukosi, yaani ile sukari ya damu.

Unga wa lozi una kama gramu 10 tu kwa 100, hivyo kipande kinashuka hadi 2 au 3. Usiubadilishe gramu kwa gramu ukaacha mengine kama yalivyo. Hauna gluteni ya kushikilia keki, kwa hiyo ongeza yai moja. Nusu ya uzito wake ni mafuta, basi punguza siagi hadi gramu 100. Oka kwa nyuzi 160 za Selsiasi, na usikate kabla haijapoa kabisa, itavunjika yote. Unga wa nazi ni habari nyingine kabisa: unanyonya maji vibaya sana. Anza na gramu 25 hadi 30 kwa kila gramu 100 za ngano, na uongeze mayai.

Halafu tafadhali, "bila gluteni" si "wanga kidogo". Unga laini wa muhogo au wa mahindi, ule wa kuzidishia uzito mchuzi, una karibu gramu 90 za wanga kwa 100. Kijiko kimoja kikubwa kwenye sufuria ni gramu 7.

ChujioLaini:
Hizo chengachenga ni eritritoli yenyewe. Inayeyuka vizuri kwenye joto, ikipoa inarudi kuwa fuwele. Isage kwanza iwe laini kama vumbi, kisha punguza kiasi chake. Utamu wake ni kama asilimia 60 hadi 70 ya sukari, na ukiifukuzia kwa kuongeza gramu ndipo mchanga na ule ubaridi mdomoni vinazidi. Weka gramu 120, utamu uliobaki ukamilishe kwa stevia safi.

Stevia safi ina utamu mara 200 hadi 300 ya sukari, basi nusu gramu inatosha kuziba pengo. Ikizidi, uchungu unabaki kooni. Soma na kilichochanganywa ndani: vipakiti vingi vya gramu moja karibu vyote ni dekstrosi au maltodekstrini, na hizo mwilini ni glukosi. Kumi kwa siku ni gramu kumi za wanga ambazo hakuna aliyezihesabu.

Usisubiri keki iwe ya kahawia, eritritoli haibabuki kama sukari. Choma kijiti katikati, kikitoka kikavu imeiva.

Mizani:
Kwenye chokoleti tafuta neno maltitoli, nayo ni sukari mbadala nyingine. Eritritoli unaweza kuitoa yote kwenye hesabu kwa kuwa sehemu kubwa hutoka na mkojo bila kutumika. Maltitoli hapana, sehemu yake inageuka glukosi, kwa hiyo toa nusu tu. Chokoleti yenye gramu 40 za maltitoli bado inakudai 20, na ukila yote kwa mkupuo utapata gesi na kuharisha.

Angalia pia lebo imetoka wapi. Za Ulaya zimeshatoa nyuzinyuzi kwenye wanga, za Marekani bado zimo ndani. Ukizitoa tena kwenye lebo ya Ulaya umejidanganya.

Kiporo: wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya na kukaza, vimeng'enya vikashindwa kuukata. Ndio huo wanga sugu, na ukipasha moto sehemu kubwa hubaki. Lakini ni gramu chache tu. Wali mweupe una kama 28 kwa gramu 100. Kihesabu kiporo vilevile. Maharage yaliyochemshwa yana kama 15 ukishatoa nyuzinyuzi, hapo ndipo pa kuhamia. Na wali uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Ukilala mezani, kuna bakteria anayeacha sumu ambayo moto wa kupashia hauiondoi.

Glukomita7:
Naongeza moja, na ni ya usalama. Anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi au gliklazidi, asikate wanga ghafla kabla daktari hajaangalia dozi. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inashuka mno: kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa. Hapo soda ya sukari mbadala haisaidii chochote. Inatakiwa glukosi au sukari halisi, gramu 15, kupima tena baada ya dakika 15, na kurudia ikiwa bado iko chini. Kwa hiyo hata nyumba iliyohamia eritritoli iwe na sukari ya kawaida kabatini, na kila mtu ajue ilipo.

Na kama kuna mbwa, zailitoli (sukari mbadala nyingine) isikae pasipo na kifuniko. Kiasi kidogo tu kinaweza kumuua.