Mjadala: Fedha ya elimu ikiongezeka, iende chuo kikuu au darasa la kwanza?

Ndugu zangu, jana mchangiaji mmoja aliandika kwamba nchi hujengwa na wasomi, hivyo bajeti ya elimu ikiongezeka, nyongeza yote iende kwenye mikopo ya vyuo vikuu. Nampinga kwa heshima. Nyongeza hiyo ianzie chini, darasa la kwanza hadi la tatu.

Mimi ni seremala, nina karakana Morogoro. Mwezi uliopita nilimpokea kijana mwenye cheti cha kidato cha nne. Nikamwambia akate miimo ya madirisha, mita moja na robo tatu. Akaandika kwa penseli juu ya ubao: 1.34. Kwake robo tatu ni tatu juu, nne chini, basi akaziweka zote mbili baada ya nukta. Nilipogeuka, vipande vinne vya mninga vilikuwa vimeshakatwa. Kijana huyu ana bidii na anawahi kazini kuliko wote. Amekaa darasani miaka 11.

Theodore Schultz na Gary Becker, wachumi wa Marekani, walieleza miaka ya 1960 kwamba ujuzi wa mtu ni mtaji kama ilivyo mashine: unaugharamia leo, unakuzalishia miaka mingi. Naikubali hoja yao kabisa. Ila kijana wangu taifa limemgharamia miaka 11, na mashine haijafungwa.

Tena tuna ushahidi wa hapahapa nyumbani. Mwaka 2013 na 2014 mpango wa KiuFunza ulijaribiwa katika shule za msingi 350 za wilaya 10, darasa la kwanza hadi la tatu. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Nyingine, walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kuyumba. Vilipoungana, watoto wakajua zaidi, bila ubishi. Nafurahi ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, wala sitaki irudi. Lakini mtoto anayeingia sekondari bila kujua sehemu na desimali, hakuna atakayerudi nyuma kumfundisha.

Najua mtasema mwenye digrii analipwa zaidi. Ni kweli, na daktari na mhandisi tunawahitaji. Lakini mchumi Michael Spence alionyesha mwaka 1973 kwamba cheti kinaweza kuwa chujio tu: mwajiri ana barua 500 mezani, anatupa zisizo na digrii apunguze kazi. Aliyechaguliwa kanufaika, uzalishaji wa nchi umebaki palepale. Halafu mwanachuo anaweza kukopeshwa, akaajiriwa, akakatwa mshahara hadi deni liishe. Mtoto wa miaka saba nani atamkopesha?

Hoja inayoniumiza kichwa ni ya Indonesia. Kati ya 1973 na 1978 walijenga shule za msingi zaidi ya 61,000, na mchumi Esther Duflo alipofuatilia watoto wa kizazi kile akakuta mishahara yao ilipanda. Kwa hiyo kuna mahali majengo yenyewe yalilipa. Jibu langu ni kwamba panapokosekana shule kabisa, jengo ni mwanzo wa kila kitu. Sisi kwa sehemu kubwa tumeshavuka hapo, na hata hao Waindonesia walianza na shule ya msingi.

Kila jioni sasa, kabla hatujafunga, namkalisha kijana nusu saa na futikamba. Nusu ameshaishika, robo tatu bado inamchanganya. Mchangiaji wa jana, nisaidie: mkopo wa chuo unamfikiaje huyu?