Naomba ushauri: mhusika mkuu wa gemu letu aongee au abaki kimya?

Kinyonga_wa_Amani:

Habari za jioni wakuu.

Mimi na binamu yangu tunatengeneza gemu dogo la simu la kukamata na kufuga viumbe, mtindo ule wa Pokémon. Mandhari ni Tanga: unaanzia Ngamiani, unapita mapango ya Amboni, unapanda Usambara mpaka Amani. Viumbe tumechora wenyewe. Wa kuanzia ni watatu: kinyonga wa pembe tatu, popo wa pangoni na kaa wa mikoko.

Tulipokwama ni kwa mhusika mkuu. Mimi nataka awe kama wa Pokémon: unampa jina lako, unachagua wa kike au wa kiume, na hasemi neno. Binamu anataka msichana anayeitwa Zuhura, binti wa mvuvi, mwenye maneno yake, hasira zake na sababu yake ya kuondoka nyumbani. Anasema wangu ni kivuli kinachotembea. Mimi namwambia wake atamnyima mchezaji nafasi.

Wiki iliyopita tuliwapa watoto wa jirani wajaribu mwanzo wa gemu. Mhusika anaingia kwa babu yake, babu anaongea weee, anamkabidhi kiumbe, mtoto anatoka zake. Binti mmoja wa darasa la tano akauliza: "Mbona huyu kaingia bila hodi, na shikamoo hajatoa?" Wenzake wakaangua kicheko. Binamu naye akanitazama kama kashinda kesi.

Waliocheza gemu hizi kwa muda mrefu, mnasemaje? Nawasilisha.

MzeeWaKatriji:

Mkuu, ule ukimya usiuchukulie kuwa ni uvivu wa waandishi. Red na Green, gemu za kwanza za Pokémon, zilipotoka Japani mwaka 1996, yule kijana unayemwendesha kutoka mji wa Pallet hakuwa na maneno kwa sababu mwenye maneno ni wewe uliyeshika mashine. Jina umeandika wewe, timu umechagua wewe, ukipoteza pambano aibu ni yako.

Sasa tazama walichokuja kufanya kwenye Pokémon zilizofuata, Gold na Silver, 1999. Unamaliza kila kitu, unapanda mlima wa Mt. Silver, unakuta kijana kasimama peke yake juu kabisa. Unamsemesha. Anakujibu nukta tupu. Halafu anamtoa Pikachu wa leveli 81. Ni Red, yule yule uliyekuwa ukimwendesha kwenye gemu la kwanza, ila safari hii uko upande wa pili wa ukimya wake. Nilikuwa mdogo na mikono ilinitoka jasho. Mwandishi angempa hata sentensi moja pale, kitu chote kingeanguka.

Zuhura wa binamu yako hawezi kukupa hiyo, maana Zuhura hatakuwa wewe hata siku moja.

Bi_Tufani:

MzeeWaKatriji umeokota embe moja tamu ukaficha kapu la mbovu.

Cheza Pokémon Sun na Moon za 2016. Stori nzima ni ya Lillie, msichana unayekutana naye: ana mama mkatili, ana woga wake, anabadilika mpaka anakata shauri. Wewe mchezaji uko pembeni na tabasamu lile lile kama umepigwa picha ya pasipoti. Mambo ya kutisha yanatokea, sura yako haijagutuka. Watu walilalamika sana, na walikuwa na haki, kwa sababu siku hizi kamera inakukaribia usoni. Enzi za Game Boy, ile mashine ndogo ya mkononi, uso wako ulikuwa vidoto vichache, akili ya mchezaji ilikuwa inajazia yenyewe.

Na Pokémon Black na White, 2010? Yule mpinzani wako anayeitwa N anakwambia anasikia sauti za viumbe, anakuuliza kama kuwafungia kwenye mipira ya kukamatia ni haki. Hakuna swali zito kuliko hilo katika mfululizo mzima. Na wewe umesimama kama mlingoti, rafiki zako Cheren na Bianca ndio wanaohangaika kufikiri. Kushinda pambano ndilo jibu lako la pekee. Mimi nilitaka kumjibu N kwa maneno. Mpaka leo maneno ya kumjibu ninayo.

Halafu hili la "mhusika ni wewe" tuliulize vizuri: wewe nani? Msichana alipewa nafasi ya kuwa mhusika mkuu kwenye Pokémon Crystal, mwaka 2000. Kuchagua rangi ya ngozi, ni mpaka X na Y za 2013. Na jina! Matoleo ya zamani ya Kiingereza yalikupa herufi 7. Mimi ni Mwanahamisi. Nimezunguka Kanto yote, nchi ya gemu la kwanza, naitwa "Mwanaha". X na Y ndizo zilizofikisha herufi 12, na ndipo nikaenea. Kwa hiyo Kinyonga, ukiamua mchezaji ajiandike jina, tafadhali acha nafasi ya kutosha, hili ni gemu la Tanga.

Nondo_Tisa:

Mwacheni binti aongee. Wachezaji wenyewe tunaruka maandishi tu, tunataka kupigana.

mwana_wa_Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Nyote mwazungumzia gemu za Japani, ila aliyesema la maana hapa ni yule mtoto wa darasa la tano.

Kule kwenye gemu zao kijana aingia nyumba ya mtu asiyemjua, apekua pipa la taka, atoka na dawa, na hakuna anayemwuliza. Tumezoea kwa sababu ni mji wa wenyewe. Ukileta mchezo huo Ngamiani, kwenye baraza lenye wazee na kahawa, mtoto anayepita kimya si "wewe mchezaji" tena. Ana tabia tayari: hana adabu, ama ana kiburi, ama kuna jambo limempata. Kwetu mtu asiyesema ashasema. Hivyo basi ukimya mtupu huwezi kuupata hata ukitaka, na hapo Kinyonga hoja yako yapungua nguvu.

Lakini usimpe Zuhura kurasa za maneno kwa sababu hiyo. Mpe salamu. Kitufe kile kile cha kusemesha watu, ukikibonyeza mbele ya mkubwa, mhusika atoa shikamoo, mkubwa aitikia marahaba, ndipo mazungumzo yafunguka. Ukimpita bila kubonyeza, mzee wa baraza akumbuke. Siku ukihitaji akuonyeshe njia ya pangoni, akuulize wewe ni mtoto wa nani.

Mlangoni ndiyo raha zaidi. Hodi. Ukiitikiwa karibu, waingia. Hodi tatu kimya, waondoka, ndivyo tulivyofunzwa. Hapo una nyumba ambazo zafunguka jioni peke yake, ama siku mvuvi amerudi, na hukuandika maelezo hata mstari mmoja. Mhusika ametamka maneno mawili gemu zima na kila mchezaji atajua amelelewa vipi.

Ukwaju:

Hii ya hodi nimeipenda mno.

Niongeze gemu moja ambalo hamjalitaja: Dragon Quest V, 1992. Kabla ya Pokémon, ulikuwa unapigana na majini na baadhi yao wanaomba kukufuata. Shujaa hasemi. Lakini (tahadhari, naharibu stori) tazama waliyomfanyia. Ni mtoto anayetembea na baba yake. Baba anauawa mbele ya macho yake, na hawezi kujitetea kwa sababu adui kamshika mwanawe. Mtoto anafanywa mtumwa miaka kumi. Anakua, anaoa, na mke unachagua wewe. Anageuzwa jiwe. Anauzwa kama pambo, anasimamishwa kwenye uwanja wa familia moja tajiri, majira yanabadilika huku anamtazama mtoto wa watu akijifunza kutembea, na wa kwake wanakua bila yeye. Siku mtoto wa ile nyumba anatekwa, baba mwenye nyumba anaimalizia hasira ile sanamu.

Mhusika hajasema kitu hapo, na hata angetaka asingeweza. Hicho ndicho kipande kinachoniuma kuliko mazungumzo yote ya gemu zenye sauti na waigizaji.

Ninachosema ni hivi: mnabishana aongee au asiongee kana kwamba mwenye stori lazima awe mwenye maneno. Yule shujaa ana baba, ana deni, ana watoto, na kikubwa zaidi, wanaomzunguka wanamfahamu. Mpe mhusika wako historia ambayo watu wengine wanaijua. Muuza samaki amwambie "una macho ya baba yako". Popo wake akatae kuingia baharini, kisha tujue kwa nini. Mchezaji bado anaandika jina lake.

MzeeWaKatriji:

Ukwaju umenifunga mdomo kwa heshima.

Bi_Tufani, kuhusu kumjibu N: kuna waliojaribu njia yako. Digimon Survive ya 2022, gemu jingine la viumbe, ina mhusika mkuu Takuma, anaongea mwanzo mwisho, na majibu unayomchagulia yanaamua kiumbe wake Agumon atageuka kuwa nini. Imekaa vizuri. Lakini ile ni riwaya yenye mapambano kidogo ndani yake. Hawa ni watu wawili na simu. Kila jibu unaloongeza lina majibu yake, na yale yana yake.

Kama mtaweka machaguo, yawe ya kweli. Dragon Quest ya kwanza, 1986, binti mfalme anakuomba umchukue. Ukikataa anauliza tena, na tena, mpaka ukubali. Pale ilikuwa kichekesho. Gemu nyingi zimeichukua bila kicheko. Bora nisiulizwe.

Ukwaju:

Na kiumbe anaweza kumsemea mhusika. Kwenye Pokémon Yellow, Pikachu alikuwa anakufuata nyuma, ukigeuka kumsemesha unaona uso wake, amefurahi au amenuna. Nyie mna kinyonga! Abadilike rangi babu anapotaja jina la baba.

fundi_simu_Korogwe:

La kiufundi tu. Kiswahili kitawabeba kwenye "a-", mwanamke na mwanaume sentensi ni moja. Watakaowaponza ni watu wa mtaani wanaoita: kaka, dada, binti. Tumieni mwanangu, mjukuu wangu, mdogo wangu, mpwa, hamtaandika mistari miwili miwili. Pale ambapo lazima iwe dada au kaka, wekeni alama moja kwenye maandishi ijibadilishe kulingana na chaguo la mwanzo. Fanyeni sasa, mkisubiri maandishi yafike elfu mtalia.

Kinyonga_wa_Amani:

Wakuu nimesoma yote, na binamu kakaa hapa pembeni anasoma pia. Tumekubaliana hivi.

Jina anaandika mchezaji, herufi 14, Mwanahamisi ajimwage. Hodi na shikamoo zinaingia, na kitufe kitakuwa kile kile. Mazungumzo mengine hana, ila baba yake alipotelea baharini na kila mtu wa Ngamiani anajua isipokuwa mchezaji. Kinyonga kubadilika rangi tumeshaanza kuchora leo.

Zuhura habaki nje. Anakuwa binti wa jirani anayeanza safari siku moja na wewe, na maneno yake yote anaruhusiwa kusema.

Bi_Tufani:

Sawa, ila sharti moja. Zuhura asije akawa wa kukuponya viumbe kabla ya kila pambano na kukupongeza baada yake. Wa hivyo tumewachoka. Awe anataka kitu chake, na awe anashinda.

Kinyonga_wa_Amani:

Pambano la kwanza naye liko mlangoni Amboni. Watoto wa jirani wamelicheza jana, kawapiga wote, na yule wa darasa la tano anadai marudiano.