MJADALA: Wakazi wa Dar tuwalipe wakulima wa Uluguru ili Ruvu ishuke safi?

Wakuu, nalileta hili tulijadili bila ushabiki.

Dar es Salaam inakunywa mto Ruvu. Mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu ndiyo inayolibeba jiji, na maji yenyewe yanaanzia milima ya Uluguru, kwa watu wanaolima mahindi, mihogo na mananasi kwenye miteremko ambayo wengi wetu tungeshindwa hata kuipanda. Mvua ikipiga shamba lililofyekwa na kuchomwa moto, udongo unashuka nayo. Masika ikikolea mto unafika mtamboni una rangi ya chai ya maziwa, dawa ya kutuliza tope inamwagwa kwa wingi, na gharama yake iko kwenye bili, tujue tusijue.

Kawaida yetu ni kumtisha mkulima. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kwenye tambarare, sawa. Sasa nenda Kibungo Juu au Matombo, huko huko Uluguru, ambako kila bonde lina kijito chake. Pima mita 60 huku, mita 60 kule, halafu uone familia imebaki na nini.

Mabavu nayo yalishajaribiwa. Miaka ya 1950 Mwingereza aliwalazimisha Waluguru kuchonga matuta ngazi. Kazi ya sulubu isiyo na malipo, na mahali pengi mazao yakadumaa juu ya matuta hayohayo. Mwaka 1955 Matombo ikachafuka, mpango ukafa.

Kuna njia ya tatu ambayo tumeisahau upesi mno. Mwishoni mwa miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliwaunganisha wakulima wa Kibungo Juu na wanunuzi wawili wa huku chini: DAWASCO, kampuni ya maji ya Dar ya wakati ule, na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza. Mkulima akichimba fanya juu (mtaro ambao udongo wake unarushwa upande wa juu kuwa tuta), akipanda miti au mistari ya nyasi, eneo linapimwa, analipwa kulingana na ukubwa na aina ya kazi. Kasoro ni kwamba mpango huo uliendeshwa kimradi, na mradi una tarehe ya mwisho. Mto hauna.

Hoja yangu: malipo haya yaingie kwenye bili. Shilingi 1 kwa ndoo ya lita 20 ni shilingi 50 kwa uniti (lita 1,000). Tuseme kwa siku zinauzwa uniti 150,000: ni milioni 7.5, yaani zaidi ya bilioni 2.7 kwa mwaka. Tunajenga bwawa la Kidunda kwenye Ruvu hiyohiyo, lita bilioni 190, kwa zaidi ya shilingi bilioni 300. Tope la mlimani litatulia wapi kama si humo?

Mpangaji wa Mbagala:
Mleta mada, hizo uniti ziko wapi? Wengine bomba linatoa upepo, tunanunua maji ya boza. Maji mangapi yanapotelea njiani kwenye mabomba yaliyopasuka? Zibeni kwanza ndipo mje na shilingi yenu. Halafu kuna ada ya matumizi ya maji inayokwenda Bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Hiyo inafanya kazi gani huko mlimani? Mnataka tulipie kitu kimoja mara mbili.

Mzaliwa wa Matombo:
Naunga mkono, lakini mmeruka jambo kubwa. Ardhi kwetu ni ya ukoo, tena ukoo wa upande wa mama. Anayelima kwa kuazima haruhusiwi kupanda mti wa kudumu, kwa sababu kesho atasema shamba ni lake. Sasa mtamlipa nani, mwenye ardhi au mwenye jembe? Na msifikiri matuta ni ya bure hata mkilipa. Eneo la kupanda linapungua, mgongo unauma, karafuu inataka miaka kadhaa kabla hujachuma hata kikonyo. Fedha ije msimu wa kuchimba, sio baada ya mkaguzi kupita.

Injinia mstaafu:
Mbona mnamwangalia mkulima tu? Ngerengere inapita Morogoro mjini, inabeba uchafu wa mji na viwanda, kisha inaingia Ruvu. Na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanatumia zebaki vijitoni. Tope unalituliza kwa dawa, zebaki sio mwenzake. Kiwanda kinachomwaga uchafu kitozwe faini. Tusije tukaanza kukilipa nacho ili kiache.

Mleta mada:
Injinia, hapo hatupingani. Mkulima alipwe kwa kazi aliyoifanya, mchafuzi atozwe.

Mbagala, neno "kwanza" ndilo silikubali. Mabomba ya jiji zima hayazibwi mwaka mmoja, na kila masika udongo unashuka. Ila kwenye ada umenipata pazuri: sehemu ya ada hiyohiyo itengwe, iandikwe waziwazi imekwenda kijiji gani, na shilingi yangu mpya nitaiondoa mezani. Nairobi wana mfuko wa Tana ya Juu tangu 2015, unaowasaidia wakulima wa juu ya mto Tana kuhifadhi udongo; kampuni ya maji ya jiji na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wamo ndani. Hawakungoja mabomba yao yapone.

Kuhusu kuazima ardhi: vipi tuanze na mabingobingo (majani ya tembo) badala ya miti? Yanashika udongo ukingoni mwa tuta, yanakatwa kuwa malisho, na hayampi mtu umiliki. Aliyeshika jembe ndiye alipwe.

Mzaliwa wa Matombo:
Hapo hata wajomba hawatagomba. Lakini mbuzi wa jirani watayamaliza kabla hayajashika, kwa hiyo kijiji kipitishe sheria ndogo kabla ya mvua. Na vipande vya kupanda vinatoka wapi, tunanunua au mnaleta?