Ndege ya Nairobi–Kigali: dakika 25 tu kweli?

Kifungua Mimba:
Jamani, nisaidieni kabla mama hajaghairi. Dada yangu yuko Kigali, anajifungua mwezi ujao, na mama (ana miaka 67) amekubali shingo upande kupanda ndege kwa mara ya kwanza. Jana nikamsomea tiketi: kuondoka Nairobi 08:10, kufika Kigali 08:35. Akanikazia macho. "Dakika ishirini na tano? Na hapa Umoja hadi mjini matatu inachukua saa nzima?" Sasa anasema nimetapeliwa, anataka basi. Sikuwa na la kumjibu. Hiyo safari ni ya muda gani hasa?

Dereva Mstaafu:
Hujatapeliwa. Tiketi huandika saa za mji husika, na Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja. Mama akitua, kwako itakuwa saa tatu na dakika thelathini na tano, kwao saa mbili na thelathini na tano. Kwa hiyo ni saa moja na dakika 25, pamoja na ule muda ndege inajikokota uwanjani. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 760. Tiketi ya kurudi nayo itaonyesha zaidi ya saa mbili, usije tena hapa kulalamika.

Hilo basi nimelipanda. Ndege inakata juu ya Ziwa Victoria. Barabara inalizunguka kwa kaskazini: Nakuru, Busia au Malaba, Kampala, Mbarara, ndipo Katuna. Zaidi ya kilomita 1,100 na mipaka miwili. Niliposhuka Kigali miguu ilikuwa imevimba, viatu nikavibeba mkononi. Miaka 67? Usithubutu.

Mkazi wa Kimironko:
Mwambie dada yako ahesabu kwa saa za huku. Shangazi yangu alitupigia akasema anatua saa tatu na nusu, kumbe ni saa ya Nairobi. Tulimkuta ameketi juu ya sanduku lake, saa nzima, hasemi na mtu. Hadi leo anatukumbusha.

Pasipoti si lazima, Mkenya anaingia kwa kitambulisho cha taifa, ila jina kwenye tiketi lifanane nacho. Na omena asifunge kwenye mifuko ya plastiki, huku ilipigwa marufuku tangu 2008. Kiondo kinatosha.

Kifungua Mimba:
Asanteni. Nimemweleza. Akanyamaza kidogo, kisha: "Kwa hiyo nikienda wananipa saa moja, nikirudi wananinyang'anya?" Nikamwambia ndivyo. Ndege amekubali. Saa yake ya mkononi ndiyo hataki iguswe. Anasema itabaki ya Nairobi, ajue nimeamka saa ngapi ndipo anipigie.